Jozi Tatu za Vishikio vya Pushapu

Kazi yangu ni mahamri. Ikifika saa kumi na robo alfajiri, adhana bado, huwa nishasimama jikoni kwangu Mshomoroni, Mombasa: unga kilo 6 ndani ya beseni pana, sukari, hamira, hiliki, tui la nazi vuguvugu. Kilichobaki ni mikono. Aliyezoea kukanda anajua kwamba unga hausukumwi kwa vidole. Unasukumwa kwa kitako cha kiganja, mwili wote umeuinamia, na kifundo cha mkono kimepinda kwa nyuma. Nimekanda hivyo miaka 14, na mwezi wa Ramadhani nakanda jioni.

Mwaka juzi kifundo cha kulia kikaanza kuniuma. Mwanzo kilikuwa kikiuma wakati wa kukanda tu. Baadaye nikawa siwezi kuinua sufuria ya mbaazi bila kuishika kwa mikono miwili. Nikaenda hospitali, nikapelekwa kwa mtaalamu wa viungo, binti mdogo mpole aliyenishika mkono akaukunja huku na huku bila haraka. Aliniuliza kama usiku vidole vinakufa ganzi: gumba, cha shahada, cha kati. Akanieleza kwamba kwenye kifundo kuna njia nyembamba inayopitisha kano za kukunjia vidole pamoja na neva moja, na neva hiyo ikibanwa, ganzi hutokea kwenye vidole hivyo. Mimi sikuwa na ganzi. Maumivu yangu yalikuwa juu ya kifundo, pale panapokunjika ukisimamisha kiganja.

"Mama, kazi yako huwezi kuiacha," akasema. "Basi tubadilishe namna unavyoifanya, na tuupe mkono wasaidizi."

Wasaidizi ni bega, kifua na misuli ya nyuma ya mkono. Akaniambia nipunguze kimo cha meza ya kukandia ili uzito wa mwili ushuke wenyewe, nikande kwa ngumi iliyonyooka kila ninapoweza, na nianze kusukuma ukuta. Ndiyo pushapu, lakini ya kusimama. Ukutani ilikuwa rahisi. Baada ya wiki tatu nikahamia kwenye ukingo wa meza, nayo ikaenda. Niliposhuka sakafuni, magoti chini, viganja chini, kifundo kikalia palepale.

Mtoto wa kakangu, kijana anayefanya mazoezi ufukweni na wenzake, ndiye aliyenifungua macho. "Shangazi, tazama mkono wako ulivyo," akaniambia. Kiganja kikiwa bapa sakafuni na bega likiwa juu yake, kifundo kinapinda karibu pembe mraba, na uzito wote unapita kwenye kona hiyo. Ndicho kile kile nilichokuwa nikikifanya kwenye unga kila alfajiri. Ukishika kitu cha mviringo kilichoinuka kidogo, ngumi inakaa wima, mfupa juu ya mfupa, na kona inaondoka. "Nunua vishikio. Si ghali."

Si ghali, ni kweli. Lakini nimenunua jozi tatu ili kupata moja. Jozi hizo zimenifunza mambo ambayo laiti mtu angeniambia mapema, ningeokoa pesa na ulimi wangu pia.

Ya kwanza niliiona kwa mchuuzi pale Mwembe Tayari, imetandazwa juu ya turubai pamoja na kamba za kurukia na soli za viatu. Plastiki nyekundu na nyeusi, umbo la herufi S, vipande vinachomekana bila skrubu, sponji nene kwenye mkono wake wa kushikia. Shilingi 450. Nilibonyeza ile sponji nikaona laini, nikafurahi, nikalipa. Sikugeuza kitu kutazama chini yake. Mkono wangu ulikuwa unauma, kwa hiyo macho yangu yalitafuta kitakachogusa mkono. Naamini wengi tunanunua hivyo.

Nyumbani kwangu sakafu ni vigae. Kwenye nyumba ya mtu anayepika mahamri, vigae hivyo vina vumbi la unga hata ukipiga deki mara ngapi. Hulioni kwa macho, ila ukipitisha kidole utalikuta. Miguu ya vile vishikio ilikuwa plastiki ngumu tupu, imechongwa vijimistari ili ifanane na raba. Siku ya kwanza vilihamahama kidogo. Nikatandika mkeka. Mkeka ukateleza wenyewe pamoja na vishikio juu yake, kwa sababu ukili juu ya kigae haushiki chochote. Nikaweka leso chini ya mkeka. Hali ikawa mbaya zaidi. Siku ya nne au ya tano, nikiwa nashuka, kishikio cha kushoto kikaenda zake nje. Kidevu kikagonga sakafu nikajiuma ulimi. Kwa siku mbili sikuweza kuonja mchuzi wa mbaazi, ikabidi binti yangu aonje chumvi.

Nilipotulia nikaanza kulifikiria jambo lenyewe. Nilidhani kwamba mtu akipiga pushapu anasukuma chini. Si chini tu. Mikono ikiwa imetanuka, kila mkono husukuma chini na pia kwa upande, na ukichoka ule upande unazidi. Kishikio kinachozuia kwenda chini ni chochote, hata tofali. Kinachozuia kwenda upande ni mguu wake na kile kilichobandikwa chini ya mguu. Nilikuwa nimelipia sponji, na sponji haikuwa na kazi yoyote katika hilo.

Nikaendelea navyo hata hivyo, maana 450 ni mahamri 45, na mimi siyatupi mahamri 45. Nilisogeza mazoezi nje, kwenye kibaraza cha simiti isiyolainishwa, vikashika vizuri. Hapo nikavitumia kama miezi miwili. Siku moja nikaona mstari mweupe umetokea kwenye kona ya kishikio kimoja, pale kipande cha mkono kinapochomekwa kwenye mguu. Nikadhani ni uchafu, nikausugua. Plastiki ikikunjwa na kunyooshwa mara nyingi, hupauka kabla ya kukatika. Ndoo zangu za maji zote zilizopasuka zilianza na mstari kama ule, na nilipaswa kuutambua. Kilikatika wiki iliyofuata. Nashukuru nilikuwa nimepiga magoti, sikuanguka mbali.

Kabla ya kununua tena nilitaka kujua ni uzito kiasi gani unaoingia mkononi, kwa sababu wauzaji hupenda kutaja kilo. Wifi yangu ana mizani ya kupimia watu. Mimi nina kilo 74. Nikaweka viganja vyote viwili juu ya mizani, nikanyoosha mwili mzima, yeye akasoma: 48. Nikapiga magoti: 37. Nikarudi kwenye mwili mzima, nikashuka nikatulia chini: 54. Kwa hiyo pushapu kamili hubeba kama theluthi mbili ya mtu akiwa juu, na zaidi kidogo akiwa chini; ya magoti hubeba nusu. Ukigawa kwa mikono miwili, kila kishikio changu hakifikishi kilo 30. Tangu siku hiyo maandishi ya kwenye boksi ya kilo 150 au kilo 200 hayanishtui. Hakuna chuma wala plastiki nzuri itakayoshindwa na kilo 30 zinazoenda chini. Zinaposhindwa, huwa zimeshindwa kwenye kiungo, kwa kusukumwa upande.

Jozi ya pili ilinigharimu shilingi 1,800, na hiyo niliinunua dukani, mjini, kwa kudhani kwamba bei kubwa itanipa amani. Ilikuwa ile inayozunguka: sahani nzito ya duara chini, raba pana mduara mzima, na mkono juu yake unaogeuka unavyoshuka. Kwa kushika sakafu sijaona kama hiyo. Hata juu ya vigae vyenye unga haikusogea. Nilifurahi wiki nzima. Tatizo ni kwamba mkono wake ulikuwa huru kuzunguka hata nilipokuwa sitaki. Mtu mwenye misuli iliyokwisha kukaa sawa huutumia uhuru huo. Mimi, ambaye kifundo changu kilikuwa kikijifunza upya kusimama wima, nilijikuta natumia nguvu nyingi kukizuia kisizunguke kuliko kuinua mwili, na jioni mkono ulichoka vibaya. Halafu mchanga na unga vikaingia ndani ya zile gololi zinazouzungusha mkono wake, ikawa inakwaruza. Mtoto wa kakangu aliichukua, akaisafisha, anaipenda mpaka leo. Siwezi kukiita kifaa kibaya. Hakikunifaa mimi.

Lakini jozi ile ndiyo iliyonionyesha mguu mzuri unakuwaje. Nikaweka akilini: nataka mguu wa hii na mkono usiogeuka.

Hapo nikaenda Kongowea. Si sokoni kwenyewe, bali kwa fundi wa kuchomelea aliyenitengenezea jiko la mkaa na rafu ya kuwekea mahamri. Nimemzoea, naye ananizoea. Nikamkuta amevua miwani anakunywa chai.

"Fundi, nataka vyuma viwili vya kushikia, vya mazoezi."

"Vya mwanao?"

"Vyangu."

Akaniangalia, kisha akaweka kikombe chini. "Haya dadangu, nionyeshe wavitumia vipi."

Nilipenda sana kwamba aliuliza hivyo. Nikajifunga leso vizuri juu ya buibui, nikainama nikashika ukingo wa benchi lake, nikamwonyesha kifundo kikiwa kimepinda na kikiwa kimenyooka. Akaelewa mara moja, maana mafundi nao wana vifundo. Akachagua bomba kutoka kwenye rundo la vipande vilivyobaki vya kazi nyingine. La kwanza lilikuwa jembamba, la pili nene. Mimi nilikuwa nimekuja na uzi. Nyumbani nilikunja mkono kama nimeshika kitu, nikauzungusha uzi ndani yake, nikafunga fundo pale ncha ya gumba inapoufikia ukucha wa kidole cha kati. Uzi ule tuliuzungusha kwenye mabomba mpaka tukapata lililolingana. Unene wake ni kama sentimita 3.2. Bomba jembamba mno hukata kiganja, kwa sababu uzito wote unakaa kwenye mstari mmoja. Nene mno, huwezi kulifunga mkono, basi unalibana kwa nguvu na misuli ya mkono inakakamaa hadi kiwikoni. Watu wengi wanachukua vishikio vilivyopimwa kwa mkono wa mwanamume mkubwa. Mkono wangu si mkubwa.

Toleo la kwanza alilonitengenezea lilikuwa refu, sentimita 25 kwenda juu, na miguu ya sentimita 12. Alidhani ananipa kitu cha fahari. Nilipovijaribu palepale, kishikio kilipepesuka kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Kitu kikiwa kirefu na tako dogo, msukumo mdogo wa upande unakilaza. Kinu hakianguki kwa sababu ni kizito chini, na mafiga hayaanguki kwa sababu yametanuka. Vishikio vyangu havikuwa na uzito wala havikuwa vimetanuka.

Na kuna jambo jingine kuhusu kimo ambalo sikulijua mpaka lilinipata. Ukiwa umeshika kitu kilichoinuka, kifua kinaweza kushuka chini kuliko mikono, jambo lisilowezekana kiganja kikiwa sakafuni. Wanaofanya mazoezi wanalisifia hilo, na kweli misuli ya kifua inanyooka zaidi. Lakini bega nalo linavutwa nyuma zaidi. Nilishuka mpaka nilipoweza kushuka, nikasikia kitu kinabana mbele ya bega la kulia. Siku zilizofuata hata kufunga mtandio kwa nyuma kuliniuma. Nikamuuliza yule binti wa hospitali niliporudi kwa miadi. Akasema nishuke mpaka mkono wa juu uwe sambamba na sakafu, basi, nisitafute zaidi. Sasa naweka mto uliokunjwa chini ya kifua. Kifua kikigusa mto, napanda. Mto huo umenisaidia kuliko ushauri mwingi.

Fundi akavikata. Vikabaki sentimita 13, na miguu akaitengeneza kwa chuma bapa cha sentimita 22, kila kishikio miguu miwili iliyolala kukingama na mkono. Nikamwomba asidonoe kwa nukta, achomelee mzunguko mzima. Kiungo kilichodonolewa nukta mbili kinashika siku ya kwanza kama kilichochomelewa chote, tofauti inaonekana mwezi wa tatu. Akasugua ncha kwa grainda mpaka hazikwaruzi. Vyote, pamoja na kuvirudia, shilingi 900.

Raba nilibandika mwenyewe. Nilijaribu kwanza kipande cha tairi nilichopata kwa washona akala, nikidhani kwamba kinachodumu mguuni barabarani kitadumu na hapa. Kinadumu, ila ni kigumu. Juu ya kigae chenye jasho kiliteleza. Tyubu ya ndani ya baiskeli ni laini, inajibandika sakafuni. Nikaikata vipande, nikasugua chuma na tyubu kwa msasa, nikapaka gundi ya viatu pande zote mbili, nikaiacha ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo nikabandika na kuweka mtungi wa gesi juu yake usiku mzima. Tyubu iliyobaki nikaizungusha kwenye mkono wa kishikio badala ya sponji. Sponji naikataa kabisa kwa hali ya hewa yetu. Msimu wa Kaskazi jasho linatiririka hata umekaa. Sponji hulinywa, haikauki, inanuka, na chini yake chuma kinakula kutu usikione. Jirani yangu alivua sponji ya vishikio vyake vya dukani baada ya mwaka mmoja, bomba lilikuwa limetoboka. Hapa Mombasa chumvi iko kwenye upepo. Msumari mpya ukiuacha dirishani unabadilika rangi ndani ya siku chache. Chuma kinataka rangi ya kuzuia kutu, juu yake rangi ya mafuta, na kufutwa kwa kitambaa kikavu baada ya kila zoezi. Mimi nakifuta kwa leso kuukuu.

Najua si kila mtu ana fundi wa kumwamini, na wengine hawataki usumbufu. Binti ya wifi yangu alitaka vya dukani, nikaenda naye. Tuliingia maduka matatu, kote tukifanya jambo moja: tunaviweka sakafuni, napiga magoti, nashika, nasukuma. Kwanza chini, halafu kwa upande, halafu navizungusha kama ninayefungua kifuniko cha chupa. Duka la pili kijana wa kaunta akasema, "Mamangu, wataka kununua au wataka kufanya zoezi hapa?"

"Nikinunua bila kujaribu nitarudi kwako kesho," nikamjibu.

Akacheka, akatuletea jozi nyingine mbili za kulinganisha bila kuombwa. Muuzaji anayekataa usivitoe kwenye boksi, mimi siachi pesa yangu kwake. Jozi moja ilikuwa ya chuma chembamba cha kung'aa, miguu inafungwa kwa skrubu. Nilipoizungusha ikalia kwenye skrubu, na kilicholegea dukani hakitakazika nyumbani. Nyingine ilikuwa ya plastiki, lakini plastiki yake nene, kipande kimoja kuanzia mkono hadi mguu, hakuna pa kuchomeka. Chini ilikuwa na raba. Niliikuna kwa ukucha: raba ya kweli huacha alama kidogo na kurudi, plastiki iliyopakwa rangi nyeusi haibonyei. Shilingi 700. Tukachukua hiyo, na mpaka leo haijampa shida. Kwa hiyo siwezi kusema plastiki haifai. Plastiki yangu ilikuwa ya vipande, yake ni ya kipande kimoja.

Mwingine atauliza kama vishikio ni lazima. Si lazima. Kama kifundo chako hakiumi, sakafu inatosha, hailipiwi wala haitaki kupakwa rangi. Na kama kinauma na huna hata shilingi 700, kunja leso mara nne, weka ngumi juu yake, kifundo kinyooke. Nilifanya hivyo wiki zote nilizokuwa nikimsubiri fundi. Vifundo vya vidole viliwasha mwanzoni, vikazoea. Mwenye vyuma vya kunyanyua (dambeli) vyenye vichwa vya pembe sita anaweza kushika hivyo, maana havibiringiki. Vya mviringo asithubutu.

Na kama vidole vinakufa ganzi usiku, au unaangusha vikombe, usinunue kitu. Nenda ukapimwe kwanza. Kishikio kinaondoa pembe kwenye kifundo, hakitibu kilichokwisha kubanwa ndani. Mimi mwenyewe siwezi kudai kwamba vyuma vile ndivyo vilivyoniponya. Meza yangu ya kukandia tuliikata miguu sentimita 9, na nilianza kukanda kwa ngumi. Yote yalikwenda pamoja. Ninachojua ni kwamba bila vishikio nisingefika sakafuni, na bila kufika sakafuni bega lisingepata nguvu ya kuubeba unga.

Kosa moja nililifanya hata baada ya kupata vyuma vizuri: nilivishika kama nashika usukani wa gari linalokimbia. Mkono ukikaza hivyo, kifundo kinajikunja chenyewe kwa mbele, na unakuwa umehama kona moja kwenda nyingine. Sasa nashika kwa wepesi, uzito naulaza kwenye kitako cha kiganja, na binti yangu hutazama kwa pembeni kama mgongo wa mkono umenyooka na mkono mzima. Navipanga upana unaozidi mabega kwa vidole vichache, vimepinda kidogo kwa nje, si sambamba kama reli. Kila mtu atatafuta pembe yake. Ila kuviweka juu ya meza au kiti ili kupunguza uzito, hilo nalikataza; vikiteleza pale huanguki sakafuni tu, unaangukia ukingo. Anayetaka wepesi aweke mikono kwenye meza yenyewe, au vishikio kwenye kipandio kipana cha ngazi, kilichoegemea ukuta.

Nafanya saa tatu na nusu asubuhi, mahamri yakishauzwa, siku tatu kwa wiki. Napiga deki kwanza, maji ya sabuni halafu maji matupu, nangoja pakauke kabisa. Nilianza na magoti, tano tano. Ilinichukua miezi saba kupata ya kwanza kamili, magoti juu, mwili umenyooka kama ubao. Nilibaki pale chini nimeegemea mto, machozi yananitoka, binti yangu akadhani nimeumia. Siku hizi nafika 11. Sufuria ya mbaazi naiinua kwa mkono mmoja.

Mwezi uliopita tyubu ya mguu mmoja ilianza kubanduka pembeni, nikaing'oa yote nikabandika upya. Hiyo ni kazi ya kila miezi sita hivi, na tyubu kuukuu kwa fundi wa baiskeli hupewi bei kubwa. Wifi yangu, aliyenisomea mizani, amevijaribu vyangu akaona vinamjaa mkononi. Vidole vyake ni vifupi kuliko vyangu. Jumamosi tunakwenda Kongowea pamoja. Jana usiku nilimzungushia uzi mkononi, nikafunga fundo, nikauweka kwenye pochi yangu pamoja na ule wa kwanza, nikautia fundo la pili ili nisiuchanganye na wangu.